Wiki ya Nne

Mayai sita ya bata mzinga yalifika Ruai
ndani ya sufuria, yamefungwa kwa leso ya Kiende,
yana madoadoa kama yamerushiwa chai.
"Tafuta koo," alisema. "Mama yao kaliwa na mbwa."
Nikamtazama Kishungi, ambaye kwa siku tatu
alikuwa akiatamia balbu iliyoungua.

Sikumwambia kitu.
Usiku, kwa mwanga wa simu, nilitoa balbu
nikaingiza mayai, moja moja, chini ya joto lake.
Alinidonoa mara moja, kwa desturi tu.

Kuku anajua hesabu moja: ishirini na moja.
Hakuisoma popote. Imo kifuani mwake
kama tarehe ya kodi ilivyo kifuani mwangu.
Siku hiyo ilipofika aliinamisha kichwa,
akasikiliza.
Kimya.
Ishirini na mbili. Ndege za Embakasi zikapita chinichini
zikitingisha mabati; hakuinuka.
Ishirini na nne alikula punje chache, akarudi mbio.
Okwaro akachungulia juu ya ukuta:
"Hayo ni viza. Mchinje kabla hajakonda."
Nami nilishuku. Niliinama, nikanusa.
Nani alimwambia kuku aongeze wiki?
Sijui. Mimi niliwahi kuchoka kungoja
kwenye benchi la hospitali, nikaenda kununua chai,
na niliporudi shuka lilikuwa limevutwa hadi usoni.

Siku ya ishirini na nane walitoka wanne,
shingo ndefu, macho ya kushangaa,
hawajui hata kula, wanadonoa vidole vyao wenyewe.
Kishungi akachukua punje, akaiangusha,
akaichukua, akaiangusha:
hiki chakula, hii kokoto,
hicho kifuniko cha soda, kiacheni.

Kufikia mwezi wa tatu walikuwa wamempita kimo.
Jogoo alimrukia dume mmoja,
akagonga kile kifua kama mlango uliokomewa,
akaondoka akijifanya anatafuta mchwa.
Kila Okwaro alipowasha pikipiki
wote wanne walimjibu, gulugulugulu,
naye akaapa atanishtaki kwa chifu.
Mvua ilipokuja jioni, Kishungi alitandaza mbawa
nao wakaja, wakaingiza vichwa tu,
vichwa vinne chini ya kuku mmoja,
miili yote nje, inanyeshewa.

Kisha mmoja akasimama pembeni, mabawa yameshuka,
akinya manjano ya kiberiti.
Naserian wa duka la dawa za mifugo
alichutama bandani, akavua glavu polepole.
"Kuku wako hawaumwi. Wanabeba tu.
Kuna mnyoo, na ndani ya mnyoo kuna kijidudu,
na udongo hukihifadhi miaka na miaka.
Usiwafuge pamoja."
"Hata na huyu aliyewalea?"
"Hasa huyu."

Yule mmoja alikufa Alhamisi, nikiwa kazini.
Jumamosi nilinunua waya na nguzo tano,
nikamwaga zege upande wa pili.
Bakuli za huku, bakuli za kule.
Buti za huku, buti za kule,
mpaka mwanangu Lemayan akauliza
kama sisi pia tutagawana vikombe.

Kishungi hakuelewa zege.
Alitembea kando ya waya, akaenda, akarudi,
mpaka nyasi zikaisha pakabaki ujia mwembamba.
Jua likizama, wale watatu hulala upande wao,
wazito kama magunia, wameegemea waya,
naye huku hufungua bawa moja,
lile la upande wao.

Okwaro anasema nilichelewa.
Naserian anasema huenda niliwahi; ningoje.
Leo ni siku ya kumi na tisa
na mavi yao, namshukuru Mungu, ni ya kahawia.
Nimeweka kigoda karibu na waya.
Chai nimekuja nayo.