Safu ya Maelezo

Siku ile barazani walipotuambia, "Tutawajengea bwawa,"
mama yangu Siprosa aliinua mkono wenye makovu ya mafunjo:
"Bwawa tunalo."
Watu wakacheka hadi naibu wa chifu akafuta macho.
Kiswahili nacho hakikutusaidia. Neno moja tu
kwa maji yanayopumua kati ya matete
na kwa maji yaliyofungwa nyuma ya zege.

Sasa yako mawili, la juu na la chini.
Mimi nalilinda la juu.
Saa kumi na mbili asubuhi nashuka ngazi za saruji,
nasoma rula nyeupe iliyosimamishwa majini,
naandika: tarehe, kina, mvua, lango.
Lango: limefungwa.
Lango: limefungwa.

Sitalisema vibaya. Linanilipia karo ya Awiti.
Bomba limefika zahanati,
na mwaka juzi, mvua ya milima ya Nandi ilipoteremka na hasira zake,
hakuna aliyelala juu ya paa hapa Kachuodho.
Hata minandi wamehamia, weusi, wako ukingoni
wameanika mabawa kama makoti ya mitumba.

Lakini la chini.

Mama ana rula yake: miguu.
Kutoka mlango wa jiko hadi funjo la kwanza
zilikuwa hatua kumi na nne,
na usiku ungemsikia nzohe akibweka gizani,
karibu kama mbwa wa jirani.
Nilipoajiriwa zikawa arubaini.
Pasaka, mia moja na sita.
Anahesabu kwa sauti, bila hasira,
kama mtu anayehakikisha chenji yake.

Mkeka wa futi sita sasa ni wa futi nne,
mafunjo yamedumaa.
"Walalie watoto," anawaambia wanunuzi wa Ahero.
Ng'ombe wanalisha palipokuwa na kambare.
Kina Nyangweso wameshapima viwanja, wamepanda mahindi na nguzo,
na kila nguzo ina mwenyewe na kesi yake.
Maji machache yanayoponyoka
hayapati tena mizizi ya kuyachuja;
yanaingia ziwani na udongo wote, rangi ya chai ya maziwa,
na gugu linayapokea.

Januari nilimkuta ameinama na jembe
mahali ambapo zamani ungezama hadi kiunoni.
Ardhi ilikuwa imepasuka kama sahani.
Aling'oa bonge la tope kavu,
akaligonga kwa kidole, kama anayebisha hodi.
Ndani, mkia umefunika macho: kamongo.
Mzima.
Amejikunja ndani ya ute wake,
anangoja mafuriko kama alivyongoja babu yake
na babu wa babu yake;
yeye barazani hakualikwa.

"Tumle?" nikauliza.
Mama alinitazama kama niliyemtukana mgeni.
Akamrudisha shimoni, akamfukia kwa viganja.
"Muulize bosi wako," akasema,
"nimwambie huyu aamke lini."

Ufunguo wa lango unakaa Kisumu, kabatini, ghorofa ya tatu.
Mimi nimepewa grisi,
ninapaka meno ya gurudumu
ambalo si langu kuligeuza.

Kesho yake, baada ya tarehe, kina, mvua, lango,
kwenye safu ya mwisho, Maelezo,
ambayo kwa miaka sita nimeiacha tupu,
niliandika: 112.
Wiki iliyofuata: 115.
Kisha: 115, na kamongo mmoja.

Injinia Kibisu alikuja mwisho wa robo,
akateremsha kidole ukurasani,
kikasimama hapo.
"Hizi ni sentimita?"
"Hapana."
"Ni nini basi?"

Nilimwambia avue viatu.