Mzizi wa Kuona

Mahakama ya Makadara, chumba nambari nne,
Julai, na baridi imekaa nasi kwenye benchi.
Kazi yangu ni ukalimani: napokea Kiswahili cha shahidi,
namkabidhi hakimu Kiingereza
bila kuonja njiani.

Leo ni ghala la mbao lililoungua Gikomba,
na Kithome, aliyekuwa mlinzi wake,
amesimama kizimbani na sweta ya kuazima
ambayo mikono yake imemeza vidole.

Shahidi wa kwanza, Nasimiyu, muuza githeri:
"Nilimwona. Kwa macho yangu haya mawili."
Akagusa chini ya jicho la kulia, kisha la kushoto,
kama mtu anayehakikisha chenji.
Huu, akasema wakili wa serikali,
ndio ushahidi wa moja kwa moja:
hauna kona, hauna daraja,
unatoka jichoni unaingia kitabuni.

Ulikuwa mbali kiasi gani?
Vibanda kumi na viwili.
Taa?
Stima ilikuwa imepotea.
Basi ulimwona kwa mwanga gani?
Akanyamaza. Muda mrefu.
Nami nikakaa kimya kwa Kiingereza,
muda uleule,
hadi aliposema: "Kwa ule moto."

Kisha vikaletwa vitu visivyo na macho.
Risiti ya petroli, lita mbili, Barabara ya Jogoo.
Ufunguo wa kufuli aliosema umepotea,
uliopatikana ndani ya soksi.
Simu iliyobisha hodi kwenye mnara wa Pumwani
saa tano na dakika nane.
Fomu ya daktari: vinyweleo vya mkono wa kulia vimebabuka.
(Bibi yangu angesema malaika.
Malaika ya mkono yameungua. Nilisita hapo,
nikatafsiri cha daktari.)
Hakuna hata kimoja kilichomwona Kithome.
Vimelala mezani ndani ya mifuko yao,
kila kimoja na nambari yake,
havisalimiani.

"Ushahidi wa kimazingira, mheshimiwa," akasema wakili wa serikali,
na safari hii akaiacha lugha ya mahakama:
"Dalili ya mvua ni mawingu."

Hakimu Chepng'eno akavua miwani, akatazama dirishani.
Nje, mabati ya Hamza, na juu yake wingu
lililotanda tangu tarehe mbili
kama blanketi la hospitali,
na chini yake ardhi kavu, kavu kabisa,
vumbi likipanda suruali za watu.
"Wakili," akauliza, "umeishi Nairobi miaka mingapi?"

Karani alicheka. Wakili hakucheka.
Kithome alinitazama mimi,
kana kwamba nilikuwa na tafsiri nyingine mfukoni.

Hukumu ni tarehe kumi na nane.

Nilitembea kwa miguu hadi Buruburu
nikinyambua kitenzi kimoja njia nzima:
ona, onana, onekana, onyesha.
Halafu irabu moja ikapenya kama mwizi:
onea.
Nilimwona. Nilimwonea.
Miaka kumi na tisa napitisha neno hilo mdomoni
na sijawahi kulipima upande wa pili.
Hata shahidi mwenyewe:
ni yule aliyeona,
na ni yule aliyekufa kwa ajili yake.

Nyumbani nikakuta vikombe viwili kwenye sinki,
kiti cha pili kimevutwa,
na binti yangu Kageha anasema hakuja mtu.
Hakuna aliyesimama kumtetea.
Kichwani nilikwisha kufika aya ya tatu ya hukumu
nilipoweka kiganja kwenye kikombe cha kwanza:
baridi.
Kile kingine: baridi.
Nikabaki hapo na mkono wangu mlowevu.
Mwezi wa Julai,
kila kitu Nairobi ni baridi.