Alama za Penseli

Keighley, mwaka wa thelathini na nne.
Mvua haijaamua kama iwe theluji,
na mama, vidole vinanuka mafuta ya sufu ya kiwandani,
anakusimamisha kwenye fremu ya mlango wa jikoni:
kisigino kiguse mbao, Edwin, acha kujinyoosha.
Mstari juu ya utosi. Futi tatu na inchi saba.
Mimi nilikupita kiganja kizima
na hakuna aliyeniuliza kama naweza kuimba.

Wewe uliulizwa. Ukumbi wa kanisa, mashindano ya Pasaka,
ukasahau ubeti wa pili,
ukasimama unaitazama taa, mdomo unatetemeka,
wanawake wakalia kama waliofiwa.
Bwana wa kofia ya kijivu, safu ya nyuma, hakulia.
Aliandika kitu kwenye kiberiti.

Ndivyo ulivyoanza: kwa kusahau.

Huko London wakasema Hebblethwaite ni jina refu,
linajaza mdomo kama kiazi cha moto,
halienei kwenye bango.
Krismasi ukarudi unaitwa Eddie Vale.
Baba, aliyekuwa na jina zima na hana kazi,
akauliza, "Na kipande kilichobaki wamekiweka wapi?"
Hatukucheka. Paundi sita zilikuwa mezani.

Usiku, chini ya blanketi, ulininong'oneza:
jino lilipong'oka walikupachika la bandia,
maana kwenye hadithi ilikuwa bado Jumanne ileile.
Jumanne ya wiki tano!
Supu ileile, imepoa, mara kumi na tisa,
na kila mara useme, "Ahsante, nimeshiba,"
nawe umeshiba kweli, unataka kutapika.
Hesabu ulifundishwa nyuma ya ukuta wa turubai,
ukuta wenye dirisha, dirisha lisilo na nje.
Theluji ilikuwa chumvi. Uliionja.
Mama yako wa kule alinukia maua,
alikuita mwanangu mpaka kengele ilie,
kisha akakuomba usimvuruge nywele.

Machi, filamu ikafika kwetu.
Tulikaa safu ya nne, mama na kofia yake ya mazishi
kwa kuwa hakuwa na nyingine.
Ukutani ulikuwa mkubwa kuliko duka la mkate,
unaungua homa, unageuka kitandani,
ukaita, "Mama."

Mama akasimama.
"Naam," alisema gizani. "Nipo."

Watu wakamzomea akae. Akakaa.
Yule mwingine akaingia, akakukumbatia.

Kisha zikaanza barua, kila mwezi, karatasi nzito:
mtoto ana urefu gani sasa?
Mkataba ulikoma kwenye futi nne na inchi sita.
Mama, ambaye hakuwahi kuzidisha hata punje ya sukari
kwenye kikombe cha jirani,
akaanza kuchora mstari chini ya ukweli.
Nusu inchi. Inchi. Mbili.
Nilimwona. Alijua nimemwona.
Kwa miaka mitatu, Edwin, uliishi ndani ya penseli yake.

Sauti haikudanganyika.
Ilikupasuka katikati ya neno "kesho", mbele ya watu sitini,
wakajaribu tena, ikapasuka tena.
Wakatuletea kikapu cha mapeasi na barua yenye adabu.
Mapeasi tuliyala. Yalikuwa matamu, siwezi kusema uongo.

Miaka thelathini umekata tiketi stesheni ya Skipton.
Abiria humkodolea macho mtu wa dirishani:
nimekuona wapi wewe?
"Labda ulimwona mdogo wangu," huwajibu,
na kuwarudishia chenji.

Jana tulikuja kuifunga nyumba.
Fundi alitaka kuipiga randa ile fremu.
Ukamzuia kwa mkono,
ukavua viatu, mzee mzima mwenye soksi zisizofanana,
ukabana kisigino kwenye mbao.
"Chora, Winifred. Safari hii chora kweli."

Nikapanda juu ya kiti.
Penseli haikuwa na ncha.