Shati la Majaribio

Kaa hapa, Mbuke, jua lisikupige.
Haya ni manyoya ya shingo ya jogoo.
Nayachukua kwa mchinja kuku wa Mabatini,
ananijazia mfuko wa saruji kwa elfu moja,
kicheko anaongeza bure.

Usikimbilie rangi.
Ndege aliumbwa asilowe,
nawe unataka anywe.
Ana mafuta yake, membamba kuliko pumzi,
na rangi ikiketi juu ya mafuta
ni mgeni aliyeketi mlangoni:
ukipiga chafya, ameondoka.
Kwa hiyo sabuni kwanza. Ya mche, maji ya vuguvugu.
Fuata unyoya unakoelekea, usiende kinyume,
mpaka ulegee
kama nywele za mtoto aliyeogeshwa.

Sasa sufuria. Si hiyo ya ugali!
Ile isiyo na mpini.
Nyekundu kijiko kimoja, siki visoda vitatu.
Siki ndiyo fundo.
Maji yafuke, yasichemke;
yakichemka unyoya utajikunja
nami nitajua, hata nikiwa Kirumba.

Mwaka wa kwanza sikuijua siki.
Nilitia rangi asubuhi, mchana nikaanika
kamba moja na shati la shule la Shija.
Ukaja upepo wa ziwa na manyunyu yake.
Jumatatu mtoto akaingia darasani
na doa jekundu juu ya mfuko,
upande wa moyo.
Wakamwita Kachinjwa.
Wakamwita hivyo mpaka darasa la saba.

Wiki hiyohiyo Lugembe akatokea Luchelele,
akanyoosha mkono bila salamu:
vidole vya waridi,
kama vya bibi harusi aliyeharibiwa hina.
"Chambo chako kimelia majini," akasema,
"kimelia mpaka kikabaki uzi na ndoana.
Sangara si kipofu."
Nikamrudishia fedha.
Zilikuwa tayari za unga.

Suuza. Tena. Bado.
Maji ya kwanza ni rozela,
ya tatu ni chai ya mgonjwa.
Ukifika ya sita, simamisha daftari la hesabu
nyuma ya bilauri;
ukisoma saba mara nane bila kukisia, yametosha.
Kisha usiamini.
Ulaze unyoya usiku kucha
katika maji ya ziwa lenyewe, si ya bomba,
na asubuhi uukandamize hapa,

kwenye shati hili. Ndiyo, lilelile.
Shija sasa ni fundi wa injini za boti,
halivuki mabega yake.
Mgongo wote huu ni makosa yangu:
kijani cha mwaka ziwa lilipopanda hadi jikoni,
zambarau niliyoiharakisha kwa tamaa ya oda,
njano ya siku niliyoishiwa siki nikajaribu ndimu.
Ndimu nayo inafaa, ila usikamue kwa uchoyo.

Na doa hili juu ya mfuko, litazame.
Nimelifua kwa jivu, kwa dawa ya madoa, kwa hasira.
Rangi ileile, siku ileile,
haikupewa siki, haikupewa moto.
Kwenye unyoya ilikimbia hata kabla ya kumwona samaki;
hapa imekaa miaka kumi na minane.

Sijui kwa nini.
Lete unyoya wako.