Deraya Ndani ya Ndoo

Daktari Lushinge aling'oa meno ya watu Makoroboi
miaka kumi na mmoja, kisha akahamia Dodoma
akaniachia ufunguo, nusu mshahara
na samaki.

Wagonjwa walimtazama wameshika shavu.
Mama Nyanjige, muuza dagaa, aliuliza moja tu:
"Analiwa?"
Nikamwambia katoka Amerika ya Kusini, kwa ndege.
Alicheka mpaka jino likaanza upya:
"Kambare kapanda ndege!
Mimi hata kivuko cha Kamanga nafumba macho."

Ni mdogo, kama kidole cha kati, na sharubu.
Ubavuni ana mabamba ya mfupa, safu mbili zilizolaliana
kama kwetu Mabatini,
bati juu ya bati, na chini yake mtu anaishi.

Umeme ulipokatika usiku hadi adhuhuri
pampu ilinyamaza, wale wa dhahabu wakaelea matumbo juu.
Yeye alipanda, akameza hewa funda moja,
akashuka nayo.
Anapumulia utumbo.
Sikushangaa. Kuna miezi nami nimepumulia huko huko.

"Mtupe ziwani," daktari alinipigia, "maji ni maji."
Nikambeba kwa ndoo ya bluu hadi mwaloni, Kirumba.
Mizani, barafu, kelele za bei,
sangara wa kilo arobaini kalala juu ya turubai
kama mkwe aliyelewa.
Na huyo naye aliletwa.
Labda kwa ndoo. Labda aliyeibeba
alikuwa na haraka, na aliambiwa maji ni maji.
Mama yangu alizoea kuhesabu furu kwa rangi zao;
akifika wa nane alinyamaza,
wala si kwa kusahau.

Nikachutama. Ziwa liligusa ndoo kwa nje,
yeye akaigusa kwa ndani.
Kijana wa kupara samaki akanipigia mluzi:
"Dada, unamwaga au humwagi?"

Nimepanda naye mawe yale yale,
sketi imelowa hadi magotini.
Sasa yumo kwenye karai, chini ya kitanda.
Anakula nisichokijua; asubuhi ukoko wa ugali haupo.

Usiku bati likipoa hulia, ta.
Nangoja.
Chini yangu karai linajibu.