Chumba Namba Sita

Ukuta wa ploti yetu hapa Manyatta
ni udongo uliopakwa simiti upande mmoja tu,
upande anaouona mwenye nyumba.
Nikigusa uzi mnene, ule wa nne,
vikombe vya Rael Musimbi husalimiana kabatini.
Yeye muuguzi, wiki hizi zamu ya usiku.
Mimi msoma mita za maji,
naifikia besi yangu saa tisa alasiri,
saa ambayo usingizi wake
ndio kwanza unavua viatu.

Hakuwahi kunitukana. Hilo ndilo lililoniuma.
Aligonga ukuta mara mbili, kwa adabu, kama mgeni,
na mara zote mbili
aligonga nje ya mapigo.

Basi Jumamosi nikashuka Kibuye
na bahasha ya elfu tatu na mia nne,
gitaa mgongoni, hedifoni za kuazima shingoni.
Kwa Omuga, fundi wa redio,
zilikuwa zimeanikwa juu ya gazeti kama omena:
amplifaya za kuchomeka ubavuni mwa gitaa,
kila moja ukubwa wa kiberiti.

Ya kwanza nyekundu, inameta.
Nikaichomeka, nikapiga uzi mnene.
Masikioni akaja nzi.
"Hiyo ni ya gitaa la solo," Omuga akasema bila aibu,
"lakini ukifumba macho zote ni moja."

Ya pili ilikuwa na vitufe saba,
sauti ya pango, sauti ya kanisa tupu,
na ilikula betri za mraba
kama mgeni wa matanga.
Chini ya madoido yote hayo, shhhh,
mtu anakaanga samaki chumba cha pili.
Nikapiga hesabu: betri moja kila wiki,
nauli ya siku mbili.
Nikairudisha gazetini.

Ya tatu nyeusi, imekwaruzwa,
kitufe kimoja, na tundu la waya wa simu.
Haikuwa na la kujivunia.
Nikapiga uzi wa nne, wazi,
na kitu kikatembea kutoka sikio hadi sikio,
polepole, kimebeba uzito wake wote,
kama gunia la mchele wa Ahero
likishushwa na mtu anayejua kushusha.
Omuga alikuwa bado anaongea. Sikumsikia.
Nadhani hapo ndipo nilipokosa kupunguziwa bei.

Nyumbani, ukimya ulinichanganya.
Besi haikuwa tena sakafuni;
nyayo zangu ziliitafuta
kama ulimi utafutavyo jino lililong'olewa.
Nikaegemeza kidevu kwenye bega la gitaa,
mbao ikaninong'oneza tayani.
Ikawa hivyo. Kamba ileile ya rumba,
vidole vikiteleza palepale, pingili ya saba,
na hakuna shahidi.

Alhamisi, mlango.
Nikakagua waya: umeingia hadi mwisho.
Rael, kitambaa kichwani, jicho moja bado limelala.
"Umeuza gitaa?"
"La."
"Siku tatu nalala nikingoja uanze.
Mtu halali akingoja."

Nikamvisha hedifoni. Akakalia mtungi wa maji.
Nikapiga kilekile alichokigongea ukuta tangu Machi,
na sasa mimi ndiye niliyebaki nje,
nikisikia vyuma vikikwaruzana na kucha tu.
Nikamtazama usoni, maana hapo pekee
ndipo ningejisikia.
Nyusi zikapanda, zikakaa hukohuko.

"Kumbe ulikuwa wimbo!"
akasema kwa sauti kubwa mno,
sauti ya mtu aliyejaa masikio,
hata chumba namba nane wakaitikia, "Nini?"

"Na mwisho wake?"
Sijaupata, nikamwambia,
lakini hakunisikia. Kidole chake
kilikuwa kinagonga gotini,
na safari hii
kilikosea kidogo tu.