Uzito wa Nambari Saba

Kibanda cha Mihambo, nyuma ya soko la Isevya,
kina runinga moja, feni moja isiyozunguka,
na uwanja mzima wa Milano ndani yake.

Nimekuja kukwepa mvua. Ndivyo nitakavyomwambia mke wangu.
Tiketi ya shilingi mia tano nimeikunja ndani ya kofia.

Farasi sijawahi kumgusa. Huku kwetu mbung'o
alishalimaliza shauri hilo kabla ya babu zetu:
farasi akiingia miombo hukonda, hulala, huliwa na fisi.
Punda ninawajua, wale wa Nyamizi, wabeba maji wa Ng'ambo,
wenye makovu ya kamba na maoni yao kuhusu kilima.
Lakini hawa! Ngozi yang'aa kama mninga uliopigwa msasa,
miguu myembamba kama uongo wa kwanza.

"Za tambarare hizi," Mihambo anaeleza, kama aliyezaliwa huko,
"hakuna kiunzi, hakuna shimo la maji. Majani tu na mguu."
Majani tu na mguu.
Nikadhani ni haki.

Kisha nikaona, pembeni mwa kila jina, tarakimu ndogo:
hamsini na mbili, hamsini na nne na nusu, sitini na moja.
"Kilo hizo. Aliyeshinda juzi anaongezewa risasi kwenye tandiko,
ili wale wa nyuma nao wapate pumzi."

Hapo nikakaa chini.
Miaka kumi na tisa nimepima tumbaku ghalani Urambo;
najua mizani inavyokohoa mkulima akigeuka,
najua robo kilo huenda wapi usiku.
Lakini mzigo wa kumwadhibu aliye bora, huo niliusikia
kwa bibi yangu tu, akimtaja baba yake, Kapaya,
mpagazi wa Unyanyembe:
walimtwika pembe ambayo wawili waliikataa
kwa kuwa safari iliyopita alifika pwani wa kwanza, anaimba.
Frasila mbili na nusu. Begani aliota nundu
laini, yenye kung'aa; watoto waliigusa wakiomba bahati.
Hakuna aliyemkatia tiketi.

Milango ya chuma inafunguka. Wanamwagika kama choroko gunia likipasuka.
Mwenye sitini na moja ni nambari saba.
Mimi nimemwekea nambari mbili, mwepesi kuliko wote;
nimepiga hesabu, mimi mtu wa mizani.
Kona. Mtangazaji anapayuka Kitaliano kama mtu anayefukuzwa na nyuki.
Mwepesi wangu anaongoza, kweli anaongoza,
na mdomo wangu, sijui umetumwa na nani,
unapiga kelele: "Saba! Nyanyuka na mzigo wako, saba!"

Kibanda kizima kinanigeukia.

Saba alifika wa nne, akapitwa kwa urefu wa pua.
Mbili akashinda. Mihambo akanihesabia elfu tatu na mia mbili,
noti zenye harufu ya mafuta ya taa.
Nikazipokea. Mimi si mjinga.

Nje, madimbwi yalikuwa yamelala kandokando ya reli ya Mpanda.
Nikanunua robo lita ya asali na kipande cha sabuni,
nikaenda nyumbani polepole, nikihamisha mfuko
mkono huu, mkono ule.

Mke wangu akauliza mbona nimeshika bega.

Nikamwambia ni mvua.